Stiki Iliyopanda: Uchambuzi wa Kisa cha Hiace Iliyowasha Taa ya Oili Baada ya Kitonga

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya dizeli, injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0, ile ambayo mtaani huitwa D4D. Linafanya daladala Morogoro, Kihonda kwenda mjini kupitia Msamvu, na mwisho wa wiki hukodiwa kwa harusi na misiba. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu aliyelinunua kwa kiinua mgongo. Lililetwa gereji kwetu na lalamiko moja: injini ikishapata moto na kuachwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, taa nyekundu ya oili inawaka. Ukikanyaga mafuta kidogo, inazima.

Kabla yetu lilikuwa limepita kwa mafundi wengine, na kila aliyelishika aliondoka akiamini amelimaliza. Hawakuwa wajinga. Kila hatua waliyochukua ilikuwa na mantiki yake, na mojawapo ilizima taa kabisa kwa muda. Kinachonifanya niandike kisa hiki kirefu ni kwamba dalili kubwa kuliko zote ilikuwa inaonekana kila asubuhi kwenye stiki, ule ufito wa kupimia oili, na watu waliichukulia kuwa habari njema.

Ilivyoanza

Mwanzo wake ni kazi ya nozeli, vile vipulizia dizeli ndani ya silinda. Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi na asubuhi linawaka kwa shida. Nozeli zote nne zikatolewa, zikapimwa, zikatengenezwa, zikarudishwa. Moshi ukaisha, injini ikawa inapokea funguo mara moja. Siku hiyohiyo oili ikamwagwa, ikawekwa mpya ya 15W-40 na filta mpya.

Wiki chache baadaye gari likakodiwa kupeleka watu harusini Iringa. Anayeijua njia hiyo anaujua mlima wa Kitonga: kona juu ya kona, lori la mizigo linatambaa mbele yako, huna pa kulipita, uko gia ya pili na mguu umezama. Walipofika Ilula dereva akaegesha abiria wanunue nyanya, akaiacha injini inaunguruma ili turbo ipoe taratibu. Alifanya sawasawa. Hapo ndipo taa ilipoanza kupepesa.

Fundi wa kwanza akabadilisha swichi ya oili. Wazo hilo si baya, maana swichi hizo huharibika na kuwasha taa bila sababu, tena ni rahisi kubadilisha. Tatizo ni kwamba alimkabidhi dereva gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi, taa imezima. Saa nane mchana ikawaka tena.

Wa pili akasema oili ni feki. Oili feki zipo, hakuna fundi wa nchi hii atakayebisha, na ukitaka lawama ya haraka hiyo iko karibu mkononi siku zote. Mwalimu akanunua madumu mawili ya lita tano ya 20W-50 yenye sili zake, saba zikaingia kwenye injini, tatu zikabaki chini ya siti. Juu yake ikaongezwa chupa moja ya ile dawa ya kuifanya oili iwe nzito. Taa ikazima. Mwalimu akaenda dukani aliponunua oili ya kwanza, wakarushiana maneno, na kwa muda watu wote wakaamini kisa kimeisha.

Taa iliporudi ilirudi na nguvu zaidi. Sasa haikuhitaji mlima. Ilitosha kusubiri abiria Msamvu saa saba mchana.

Tulichokiona kwenye stiki

Nilimuuliza dereva kama gari linakula oili. Akajibu kwa fahari: "Kaka, hii haili hata tone. Kila asubuhi naangalia stiki. Tangu Mwalimu abadilishe haijashuka, tena inazidi kupanda."

Injini ya dizeli ya umri huu, inayobeba abiria kutwa, inatakiwa kushuka kidogo kati ya servisi na servisi. Ikibaki palepale, unaweza kushukuru. Ikipanda, kuna kitu kinaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vitu vyenye uwezo wa kuingia humo ni viwili: maji ya rejeta au dizeli. Maji huifanya oili iwe na rangi ya maziwa, na ute wa namna hiyo huonekana chini ya kifuniko cha oili. Hapa kifuniko kilikuwa safi. Kilichobaki ni dizeli.

Tulichomoa stiki. Oili ilikuwa imeipita alama ya F (imejaa) kwa karibu upana wa kidole gumba. Ilitiririka hadi ncha ya chuma ikaanguka kwa uzi mwembamba, haikuning'inia kama tone. Harufu ya dizeli ilikuwepo, ingawa ndani ya gereji ambayo sakafu yake imenusa dizeli miaka yote, pua si shahidi wa kumtegemea. Na kusugua oili kwa vidole viwili kisha kutangaza kwamba "hii imekwisha" ni jambo ambalo nimeona mafundi wazuri wakilifanya. Mimi siliamini, kwa sababu oili ya moto huwa nyepesi kwa kila mtu.

Zile lita tatu chini ya siti ndizo zilizotuokoa. Ilikuwa oili ileile, ya madumu yaleyale, ambayo haijaingia kwenye injini. Tukachukua chupa mbili ndogo za plastiki zinazofanana, moja tukaijaza oili mpya, nyingine oili iliyotoka kwenye injini, zote tukiacha nafasi ileile ya hewa juu. Tukaziacha kwenye beseni moja la maji hadi zikawa na joto moja. Hilo halirukwi, kwa sababu tofauti ndogo tu ya joto inabadilisha jibu. Kisha tukazipindua pamoja. Povu la hewa kwenye chupa ya oili iliyotumika lilifika juu wakati lile la oili mpya halijafika hata katikati.

Tuliweka pia tone moja la kila oili kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia tukaondoka kunywa chai. Tone la oili mpya lilibaki duara dogo la rangi ya asali. Lile la injini lilikuwa na kiini cheusi, na kukizunguka, pete pana isiyo na rangi iliyosambaa mbali. Masizi hubaki katikati; dizeli hukimbilia nje.

Ili kumtoa muuza duka kwenye lawama, tukalinganisha ile oili mpya na 20W-50 nyingine ya kampuni tofauti tuliyokuwa nayo. Mapovu yalipanda karibu sawa. Oili ya Mwalimu, ya pili kuingia kwenye injini, haikuwa na shida, na kwa kuwa ilikuwa imelainika vivyo hivyo ndani ya injini, hapakuwa na sababu tena ya kuishuku ile ya kwanza.

Hesabu ya kilichomwagika

Oili ilipomwagwa tuliikinga kwenye chombo chenye alama za lita. Zilizoingia zilikuwa saba. Zilizotoka, pamoja na tulizozikamua kwenye filta, zilikuwa karibu nane. Yaani karibu lita moja katika kila nane ilikuwa dizeli, asilimia 12 hivi, ukichukulia kwamba ile chupa ya dawa imefidia oili ambayo injini imeichoma.

Maana yake inaonekana ukitazama namba kwenye dumu. Ile ya kwanza, iliyo na W, inahusu baridi. W ni ya winter, na kwa Morogoro haina kazi kubwa. Namba ya pili ndiyo inayotuhusu. Kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya daraja la 50 ikiwa nyuzi joto 100 lazima mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, uwe kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 16.3 na 21.9. Daraja la 40 ni 12.5 hadi 16.3, la 30 ni 9.3 hadi 12.5, na la 20 linaanzia 6.9. Dizeli kwenye joto hilo iko karibu na moja tu.

Sasa changanya. Ukichukua 20W-50 yenye sentistoki 18 na kitu, ukaitia asilimia 12 ya dizeli, hesabu ya kuchanganya mafuta inakupa takriban 11. Daraja la 50 limekuwa la 30. Ukifanya hivyohivyo na 15W-40 ya kawaida yenye 14.5, unafika kwenye 9.3, mpaka wa 30 na 20. Hata asilimia tano tu inatosha kuiangusha 40 hadi daraja la 30. Ndiyo maana oili nzito ilizima taa: ilianza kushuka kutoka ngazi ya juu zaidi, ikachukua muda kufika pale ambapo ile ya kwanza ilikuwa imeshafika. Dizeli haikuacha kuingia hata siku moja.

Kuna njia ya pili ya oili kulainika ambayo haihitaji dizeli. Oili za namba mbili hutiwa polima, molekuli ndefu ambazo hutanuka oili ikipata moto na kuizuia isilegee sana. Zikipita kati ya meno ya gia, kwenye pampu na kwenye beringi, hukatika vipande, kama tambi zilizopikwa ukizikoroga kwa nguvu, na kipande kifupi hakizuii tena kama kirefu. Kilichokatika hakiungani. Dawa za chupa za kuongeza uzito nyingi ni polima hizohizo, kwa hiyo hukatika vilevile, na huna njia ya kujua baada ya kilometa ngapi. Mimi siziweki kwenye gari la mteja.

Halafu kuna upande wa pili ambao husahaulika: oili huweza pia kuisha kwa kuwa nzito. Joto huiunguza taratibu ikashikana na oksijeni, na kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi ya uharibifu huo hukaribia kuongezeka mara mbili. Masizi nayo huikaza. Katika dizeli yenye nozeli mbovu mambo haya mawili huvutana, masizi yanakaza huku dizeli inalegeza, na unaweza kupeleka sampuli maabara ukaambiwa mnato uko sawa wakati oili imeharibika kwa pande zote mbili. Kwa hiyo ukiwahi kupima, omba na kiasi cha masizi na cha dizeli, usiridhike na mnato peke yake.

Kwa nini hatukuishia hapo

Tungeweza kuziba dizeli inapoingilia, kuweka oili mpya na kumwachia Mwalimu gari lake. Kuna jambo lilitukataza.

Oili iliyoshuka hadi daraja la 30 haitoshi, peke yake, kuwasha taa kwenye injini nzima. Daraja la 30 linatumika kila siku kwenye dizeli za leo na taa haziwaki. Pampu ya oili haitengenezi shinikizo. Inasukuma kiasi cha oili, na shinikizo linatokana na ugumu wa oili hiyo kupenya kwenye nafasi ndogo za beringi. Oili ikiwa nyepesi hupenya kirahisi, shinikizo linashuka. Nafasi zikitanuka, linashuka pia. Ikiwa mnato wa daraja la 30 unawasha taa, basi uwezekano mkubwa ni kwamba nafasi zimetanuka.

Tulitoa swichi tukafunga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa ya baridi, mshale ulikuwa juu kabisa na kila mtu angeridhika. Ilipopata moto barabara, sailensa, mshale ulishuka chini ya 0.3 bar. Vitabu vya Toyota kwa injini nyingi za namna hii hukubali hadi 29 kPa ikiwa sailensa, ambayo ni hiyohiyo 0.3 bar, na kuanzia 245 kPa kwenye mizunguko 3,000. Kwenye 3,000 haikufika huko.

Hapa inafaa wenye magari waielewe taa hiyo. Haipimi ubora wa oili. Haijui kama oili ni mpya au ya mwaka juzi, safi au imejaa dizeli. Ni swichi inayosubiri shinikizo lishuke karibu na sifuri, na ikifikia hapo beringi zimeshakuwa zinasugua kwa muda. Dereva anayesema "taa ikizima nikikanyaga, hakuna shida" anaeleza dalili kwa usahihi kisha anatoa hukumu isiyo yake.

Tukashusha sampu. Chujio la pampu lilikuwa safi kiasi, ahueni ya kwanza, kwa sababu injini nyingine za dizeli huwa na lami nzito inayoziba chujio hilo na kuleta dalili zilezile. Tukafungua moja moja kofia za konrodi, mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini. Vipande vya chini vya beringi vilikuwa vya kijivu, vina mikwaruzo myembamba ya kawaida. Vipande vya juu, vinavyopokea kipigo cha pistoni kila mafuta yanapolipuka, vilikuwa na habari nyingine: katikati ya kila kimoja tabaka la kijivu lilikuwa limelika na wekundu wa shaba ukaanza kuchungulia, kwenye silinda ya pili na ya tatu zaidi kuliko nyingine. Ukipitisha ukucha, ukingo wa tabaka lililolika unaukamata.

Hivyo ndivyo utando wa oili unavyoisha. Ndani ya beringi inayofanya kazi, chuma hakigusi chuma. Kuna utando wa oili wa unene wa mikroni chache. Oili ya kweli ya daraja la 30 imetengenezwa iwe hivyo, ina viungo vyake kamili vya kuzuia msuguano, na imepimwa kwenye nyuzi 150 chini ya mkato mkali, yaani ikiburutwa kwa kasi kati ya vyuma viwili. Oili ya 50 iliyolegezwa na dizeli haiko hivyo. Viungo vyake vimepunguzwa kwa kiasi kilekile cha dizeli iliyoingia, na pale beringi inapopata moto mkali ile dizeli ndiyo ya kwanza kukosa nguvu ya kubeba mzigo. Mnato unaweza kulingana kwenye kipimo na bado oili hizi mbili zisiwe kitu kimoja ndani ya injini. Kupanda Kitonga, oili ikiwa nyuzi 110 au 120 na turbo inasukuma, ni mahali pabaya pa kuipata tofauti hiyo.

Krankshafti ilipimwa kwa mikromita na ilikuwa ndani ya kipimo, haikuhitaji kukatwa. Taa ingeachwa iendelee kupepesa, tungekuwa tunazungumza kuhusu injini iliyonoki, na pengine konrodi iliyotoboa ubavu wa bloku.

Dizeli ilikoingilia

Kwenye injini ya komonireli, ile yenye paipu moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote, kila nozeli hurudisha dizeli kidogo kwenye tangi kupitia paipu ya ritani. Katika 1KD paipu hiyo imelala ndani, chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Ikivuja, huoni tone chini ya gari wala unyevu juu ya injini. Dizeli inadondokea kwenye kamshafti, inateremka pamoja na oili, inaingia sampu. Injini inawaka vizuri na nguvu haipungui.

Tulifungua tapeti kava, tukaziba mwisho wa ritani, tukasukuma hewa ya shinikizo dogo kwa pampu ya mkono, na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Viungo viwili vikatoa mapovu, vya nozeli ya pili na ya tatu. Washa zake za shaba zilikuwa na alama mbili za mduara, moja imepishana na nyingine: ishara kwamba zimewahi kukazwa, zikafunguliwa, zikarudishwa zilezile. Washa ya shaba huziba kwa kubonyea. Ikishabonyea mara moja imekuwa ngumu, na ukiikaza mara ya pili mahali tofauti kidogo haizibi tena. Aliyefunga nozeli baada ya matengenezo alizirudisha za zamani. Bei ya washa hizo ukilinganisha na ya beringi, gasketi na kazi ya kushusha sampu ni kitu cha kuchekesha, ingawa Mwalimu hakucheka.

Kabla ya kuhukumu washa tulikagua njia nyingine. Nozeli zenyewe zilirudishwa kwenye mashine ya kupimia na hazikuwa zinadondosha. Sili ya shafti ya pampu ya hai presha, ambayo ikichoka nayo huweza kupitisha dizeli ndani ya injini, ilikuwa kavu. Gari hili halina chujio la masizi kwenye ekzosi; yale yenye chujio hilo hupuliza dizeli ya ziada ili kuliunguza, na yakifanya safari fupifupi za mjini sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye oili hata kama hakuna kilichoharibika. Mwenye gari la namna hiyo anapaswa kuiangalia stiki kwa jicho hilihili.

Oili imwagwe lini

Mwalimu aliuliza swali ambalo kila mwenye daladala huuliza: kwenye dumu wameandika inaweza kwenda kilometa nyingi, mafundi wanasema 5,000, yeye afuate nani?

Nikamwambia aiweke kilometa pembeni kwanza, tuhesabu saa. Daladala la mjini, likijumlishwa kusimama vituoni, foleni na kusubiri abiria, likienda wastani wa kilometa 20 kwa saa ni zuri. Kilometa 5,000 kwa mwendo huo ni saa 250 za injini kuwaka. Gari la safari linalokwenda wastani wa 60 linazimaliza kilometa hizohizo kwa saa 83 tu. Matrekta na majenereta mengi ya dizeli, ambayo hayana kilometa za kuhesabu, huandikiwa kumwaga oili kila saa 250. Kwa hiyo 5,000 kwa daladala si uangalifu wa kupitiliza, ni ukomo. Ahadi ya namba kubwa kwenye dumu ilitolewa kwa gari linalotembea. Ongeza vumbi la barabara za mitaani Kihonda wakati wa kiangazi, ambalo filta ya hewa ikilegea kidogo linaingia na kusaga, na utaona kwa nini sikumpa nafasi ya kunishawishi.

Rangi aiache kabisa. Kwenye dizeli oili huwa nyeusi ndani ya siku chache za kazi, na hiyo ni ishara kwamba viungo vyake vinashika masizi na kuyabeba, kazi yake hasa. Oili nyeusi inaweza kuwa na nusu ya maisha yake mbele. Oili iliyochanganyika na dizeli katika kisa hiki ilikuwa nyeusi kwa kiwango kilekile cha nyingine yoyote, na walioitazama kabla yetu hawakuona kitu.

Kwa mwenye magari mengi, kupeleka sampuli maabara kuna faida. Wenye migodi na mitambo mikubwa hapa nchini wamekuwa wakifanya hivyo, na huwa wanaona dizeli, vumbi na chembe za shaba kabla taa yoyote haijawaka. Kwa Hiace moja sioni haja. Stiki inatosha kama inasomwa kwa namna moja: asubuhi, injini ya baridi, gari limesimama tambarare, na kipimo kinaandikwa. Kuandika ndiko kunakokosekana. Dereva huyu alikuwa anaangalia kila siku na alijua inapanda, lakini hakuwa na kitu cha kumfanya aone kwamba imepanda kutoka wapi hadi wapi, na hakuna aliyemwambia kwamba kupanda ni kosa kubwa kuliko kushuka. Ikishuka, unaongeza na unatafuta inakoenda. Ikipanda, unazima injini na unaleta gari, hata kama servisi ilikuwa jana.

Tulifunga beringi mpya za saizi ya kawaida, washa mpya zote za ritani na za nozeli, gasketi, filta, na 15W-40 ya kiwango cha API CI-4, daraja la ubora la oili za dizeli. Tulirudi kwenye 15W-40 makusudi. Mwalimu alitaka tubaki na 20W-50 kwa sababu "ndiyo iliyozima taa," nikamweleza kwamba oili nzito kuliko inavyohitajika inachelewa kufika juu asubuhi, turbo ikiwa ya kwanza kuisubiri, na kwamba sitaki mnato wa ziada unaonificha dalili nikiwa bado naifuatilia injini. Geji ikiwa imefungwa, injini ya moto na sailensa, mshale ulisimama juu ya 1 bar.

Oili hiyo ya kwanza ilimwagwa baada ya kilometa 1,000 ili kutoa mabaki ya dizeli na chembe za beringi za zamani. Tuliipima kwa chombo kilekile: zilitoka pungufu kidogo ya zilizoingia. Tone lake kwenye karatasi lilikuwa na kiini cheusi na ukingo mwembamba, bila ile pete ya nje. Dereva sasa ana daftari dogo kwenye droo ya dashibodi, na Mwalimu hulikagua jioni anapopokea hesabu. Lita tatu za 20W-50 zilirudishwa dukani pamoja na salamu za kusuluhisha. Muuzaji aliukubali usuluhishi, oili akaikataa, kwa kuwa dumu lilishafunguliwa.